Tamthilia Isiyojua Kusamehe

Katika nyumba zetu za Masasi na Newala saa ya tamthilia inajulikana kama saa ya kula. Fedha za korosho zikishalipwa, mwenye nyumba hununua mabati, na akibakiwa na kitu hununua king'amuzi. Jioni jirani huja na kigoda chake, watoto hukaa mkekani mbele, na bibi ambaye hakupata kusoma hufuata habari ya jumba la kifalme la Uturuki neno kwa neno, kwa kuwa wahusika wanasema Kiswahili.

Mimi ni mtazamaji kama ninyi, na siandiki ili kuwafungia televisheni. Kanisa la hapa lilikwisha kukutana na swali la namna hii. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu mwaka 1926, alilikuta jando, na hakulipiga marufuku wala hakulipokea lote kama lilivyo. Alilichuja, akaondoa yasiyopatana na Injili, akatia sala ndani yake. Wako waliomlaumu, lakini aliuliza swali la maana: mtoto anapofundishwa kuwa mtu mzima, anafundishwa nini hasa? Leo tamthilia ni jando la pili. Vijana wetu wanajifunza humo jinsi mume anavyosema na mkewe na jinsi mtu mzima anavyojibu akikosewa. Basi nasi tuchuje.

Nianze na Sultan, tamthilia ya Kituruki ambayo Azam waliiingizia sauti za Kiswahili. Kwao Uturuki ilionyeshwa kuanzia 2011 hadi 2014. Inamhusu Sultani Suleiman na Hürrem, msichana aliyeletwa kama mtumwa akawa mke wa mfalme. Kwao kuliwahi kutokea malalamiko makubwa, hata kutoka kwa waziri mkuu, kwamba mfalme anaonyeshwa zaidi katika vyumba vya wanawake kuliko vitani. Hayo ya mavazi na mapenzi wengine wamekwisha kuyasema, nami sitayarudia.

Nina sifa za kuitolea. Imetengenezwa kwa uangalifu, na haifichi kwamba dhambi ina matunda. Ibrahim Pasha, rafiki wa mfalme tangu ujana, anauawa kwa amri ya rafiki yake, kama ilivyotokea kweli mwaka 1536. Mustafa, mwana wa mfalme, anauawa kwa amri ya baba yake, kama ilivyotokea mwaka 1553. Mzazi yeyote akiitazama sehemu hiyo atatetemeka.

Tatizo langu liko kwingine. Katika vipindi vyote hivyo kila kosa hulipwa kwa kosa. Mwanamke aliyedharauliwa jana anapanga sumu leo, na aliyeponea sumu anapanga uongo kesho. Mara chache mtu anakaribia kusamehe, na hapo hapo mtumishi anaingia na barua au siri mpya, kisasi kinafufuka. Nimejiuliza kwa nini, nami naona jibu liko katika kazi yenyewe. Tamthilia ndefu inaishi kwa kinyongo. Wahusika wakipatana leo, kesho hakuna cha kuonyesha. Kwa mtunzi, msamaha ni kifo cha hadithi. Ndivyo ilivyo pia katika nyingi za kwetu zinazoonyeshwa kila juma bila mwisho unaojulikana: wifi hamsamehe wifi, kwa sababu mtazamaji anasubiriwa Jumatatu.

Zamani kidogo ilikuwapo moja iliyojaribu njia nyingine. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina, Doudou na Mama Wakwe Zake, vipindi 36, nayo kwa sauti za Kiswahili. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa China aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwaka 2013. Wazazi wa mume wa Doudou wameachana, kwa hiyo msichana ana mama wakwe wawili, aliyemzaa mumewe na mke mpya wa baba yake. Hakuna jumba wala upanga. Kuna vyumba vya ghorofa, chakula na maneno ya jikoni. Kwetu, ambako mtoto huhesabiwa upande wa mama na mjomba ana neno lake, ukoo haujengwi kama wa Beijing. Hata hivyo tulimwelewa Doudou, maana kila siku anashusha kinyongo kimoja, na kesho yake kinazaliwa kingine, naye anaanza tena. Naiona ni bora kuliko Sultan, ingawa si ya kikristo na haina fahari, kwa sababu inaonyesha kwamba kupatana nako ni kazi yenye habari ndani yake.

Jambo hilo Maandiko yanalijua kabla ya televisheni. Someni habari ya Yusufu, Mwanzo 37 hadi 50, kama mnavyofuata vipindi. Pana kanzu, shimo, kuuzwa, mke wa Potifa, gereza, njaa. Kisha ndugu waliomuuza wanasimama mbele yake wakitaka nafaka, naye ana mamlaka yote. Mtunzi wa Sultan angeita mnyongaji. Yusufu anawajaribu kwanza, na katika sura ya 44 Yuda anajitoa awe mtumwa badala ya Benyamini. Ndipo Yusufu analia na kujitambulisha.

Tena habari haiishi hapo. Baba yao akiisha kufa, sura ya 50, ndugu wanaogopa upya, na Yusufu anawatuliza upya. Msamaha haukuiua hadithi. Uliwapa watu wale miaka mingine ya kuishi pamoja. Wala haukuwa wa kufunika mambo: ukweli ulisemwa na waliokosa wakabadilika. Nasema hili kwa makusudi, maana wapo wanaomwambia mwanamke anayepigwa asamehe, anyamaze na arudi kupigwa. Hiyo si habari ya Yusufu.

Kwa nini nahangaika na michezo ya kuigiza? Kwa sababu wapo miongoni mwetu ndugu wa tumbo moja wanaokaa mabenchi ya mbali kanisani kwa ajili ya mpaka wa shamba la mikorosho. Wanakwenda kwenye jumuiya kwa zamu ili wasikutane. Hakuna mtunzi anayewalipa ili ugomvi uendelee, lakini wanauendeleza, na watoto wao wamekwisha kuirithi kazi hiyo. Anayekaa kila jioni mbele ya hadithi ambamo mwenye nguvu ndiye asiyesahau ataona kwamba kusamehe ni unyonge. Mathayo 18 ina habari ya mtumishi aliyesamehewa deni kubwa akamkaba mwenzake kwa deni dogo. Huyo angefaa sana kuwa nyota wa tamthilia.

Basi tuendelee kutazama, lakini tutazame na watoto wetu, na kipindi kikiisha, kabla ya kuzima taa, tuwaulize: nani kati ya hawa angeweza kulimaliza jambo hili leo, na amezuiwa na nini? Mtoto akishazoea kujibu, atauliza na sisi habari ya mpaka wa shamba. Tujiandae kumjibu.