Heko kwa Wasusi wa Kitomanga

Msusi wa Kitomanga aliyeketi kibarazani, mteja wake mkekani mbele ya magoti, anastahili heshima tunayompa fundi mwingine yeyote, kwa sababu anazijua nywele zetu zilivyo. Nywele za kipilipili hukauka upesi: mafuta ya asili ya kichwani hayashuki kwa urahisi kwenye unywele uliojikunja, na kila mkunjo ni mahali pa kukatikia. Ndiyo maana msusi huzilowesha kwanza, hupaka mafuta ya nazi, huchana kuanzia nchani kurudi shinani, kisha hugawa njia kwa ncha ya chanuo na kusuka twende kilioni. Kila hatua ina sababu yake, na hakuna hata moja inayoziona nywele hizo kuwa kosa la kurekebishwa.

Watasema dawa ya kulainisha hurahisisha kuchana. Kweli, lakini huudhoofisha unywele na huweza kuunguza ngozi. Tena utafiti uliochapishwa Marekani Oktoba 2022, uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000, ulihusisha matumizi ya mara kwa mara ya dawa hizo na saratani ya mji wa mimba. Hoja yao nzito zaidi ni kwamba msuko nao hunyonyoa nywele za pembeni. Hunyonyoa ukikazwa mno, hasa kwa watoto; msusi hodari hulegeza mkono afikapo kwenye paji na masikioni. Basi unayempeleka binti kusukwa, usimpunje msusi. Mlipe ujira wake kamili, na mtoto akiwa anasikia, zisifu nywele zake.