Kipindi ni cha Nani? Jina, Mkataba na Mtangazaji

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuuliza shairi ni la nani, na aghalabu jibu hupatikana katika beti za mwisho, ambamo malenga hujitaja. Swali hilo halijaulizwa vya kutosha kuhusu kipindi cha televisheni. Kipindi nacho kina mtungo wake, msamiati wake, salamu yake na kimalizio chake, lakini hakina ubeti wa tamati unaomtaja mtungaji. Badala yake kuna mkataba, nao umma hauusikii mpaka siku mtangazaji na kituo wanapofarakana. Hapo ndipo hudhihirika kwamba jambo lililodhaniwa kuwa la fedha tu ni la lugha pia: nani ana haki ya jina, na nani ana haki ya usemi?

Pwani ya Waswahili ina majibu mawili ya asili kwa swali hili, na yote mawili yamo katika taarab. Mombasa, kikundi aghalabu huchukua jina la mtu: Maulidi Musical Party, Zein Musical Party, Zuhura & Party. Mtu wa Makadara anayeandaa arusi huuliza ataimba nani. Wapigaji huja nyuma ya jina hilo. Morning Star ya Matano Juma yaonyesha kuwa desturi hii haikuwa sheria, ingawa hata hiyo ni nadra kutajwa pasipo jina la mwenyewe. Unguja mambo ni mengine. Akhwani Safaa iliyoasisiwa mwaka 1905, na Culture Musical Club ya mwaka 1958, ni majina ya vyama. Waimbaji huingia na kutoka, chama kikabaki. Desturi ya Mombasa humpa msanii heshima yake, lakini kikundi huwa hatarini kuzikwa pamoja naye. Desturi ya Unguja huhifadhi urithi kwa vizazi, lakini msanii huweza kuondoka mikono mitupu.

Televisheni imezichanganya desturi hizi mbili. Huandika mikataba yake kwa desturi ya Unguja, na hutangaza biashara yake kwa desturi ya Mombasa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yasema kuwa kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika ajira yake, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwajiri, ila pale wawili hao walipoafikiana vinginevyo. Hivyo basi kanda iliyorekodiwa ni ya kituo. Lakini mtazamaji hakuwasha televisheni kwa ajili ya kanda. Aliiwasha kwa ajili ya mtu ambaye kituo chenyewe kilibandika sura yake barabarani.

Na uchukuliwe mfano wa Jeff Koinange. Katika kituo cha K24 kipindi chake kiliitwa Capital Talk, jina lisilomtaja mtu. Alipokuwa KTN kiliitwa Jeff Koinange Live. Novemba 2016 kipindi hicho kilikoma baada ya maneno ya kuudhi ya mgeni mmoja hewani. Chanzo hakikuwa ugomvi wa mkataba, lakini matokeo yake yanafundisha yale yale. Mwaka 2017 mtangazaji huyo alitokea Citizen, na kipindi kikaitwa JKL. Herufi tatu zilitosha kuwarejesha watazamaji, kwa sababu jina lilikuwa limekwisha kuhama kutoka kwa kituo hadi kwa mtu. Capital Talk lisingeweza kusafiri hivyo.

Mfano ulio wazi zaidi wa ugomvi wa mkataba watoka Marekani. Conan O'Brien alikabidhiwa The Tonight Show na NBC mwezi Juni 2009. Januari 2010 kituo kilitaka kukisogeza kipindi kutoka saa 5:35 usiku hadi saa 6:05. O'Brien alikataa, akidai kuwa kipindi kinachoanza siku ya pili si kile tena. Ilielezwa kwamba mkataba wake ulitaja kipindi bila kuitaja saa. Alilipwa takriban dola milioni 45, sehemu yake ikiwa ya wafanyakazi wake, akaondoka. Kwa msomaji wa Kiswahili kuna jambo la kuzingatia hapa. Katika hesabu ya saa ya Waswahili siku huanza magharibi, na saa sita na dakika tano ni usiku ule ule. Hoja iliyomfaa mtangazaji Marekani isingesimama Makadara. Ugomvi mzima, basi, ulitundikwa juu ya maana ya neno moja ambalo wanasheria hawakulifafanua. Novemba 2010 alirudi katika kituo cha TBS, na kipindi kipya kikaitwa Conan: jina la mtu, kama desturi ya Mombasa.

Hata hivyo, jina la mtu silo ulinzi pekee. Je, Huu ni Ungwana? cha Leonard Mambo Mbotela kilianza mwaka 1966 katika Sauti ya Kenya, kikaendelea kwa zaidi ya miaka 50. Kituo chenyewe kilibadili jina kikawa KBC mwaka 1989; kipindi hakikubadili. Jina lake halimtaji mtangazaji, wala halikubuniwa na kituo. Ni swali ambalo mzazi yeyote wa pwani angeweza kumwuliza mwanawe. Nguvu yake ilitokana na aliyeuliza. Mbotela, mwana wa James Mbotela aliyeandika Uhuru wa Watumwa (1934), alizaliwa Frere Town, makao yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Katika miji ya kale ya pwani, ungwana ulikuwa hadhi waliyonyimwa watu wa asili hiyo. Mtoto wa Frere Town alipouliza taifa zima kama tendo fulani ni la kiungwana, aliutoa ungwana katika nasaba akautia katika mwenendo. Alifariki Februari 2025. Hakuna kifungu cha mkataba ambacho kingeweza kumkabidhi mrithi wake uzito huo.

Haifai kuhitimisha kwamba kituo hakina haki. Studio, mitambo na mishahara ni mali yake, na pasipo chama hakuna uhifadhi, kama Akhwani Safaa inavyoshuhudia. Lakini yapasa mambo matatu yatenganishwe: kanda, ambayo ni ya mwajiri, jina, ambalo lafaa kuafikiwa mapema kwa maneno bayana, na usemi, ambao ni wa msemaji na wa jamii iliyomlea. Mikataba ya watangazaji wa Kiswahili kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, ilhali Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pia. Wataalamu wa lugha wana kazi ya kutoa istilahi za mambo hayo matatu, ili mtangazaji asaini maneno anayoyafahamu kama anavyoyafahamu yale anayoyatangaza.