Kabla Wimbo Haujafika Redioni: Jinsi Studio ya Panzi Ilivyofanya Kazi

Studio nyingi za muziki humtanguliza mwenye sauti nzuri. Ile iliyofunguliwa kwa ajili ya wanawake waliotibiwa katika hospitali ya Panzi, mjini Bukavu, ilianzia kwingine kabisa. Walioingia humo hawakuulizwa kama wanajua kuimba. Walikuwa wamebakwa, wengi wao vitani, na walitoka na nyimbo zao wenyewe, zimerekodiwa, tayari kusikilizwa na watu wasiowajua. Mwanamuziki yeyote wa ufuko huu wa Tanganyika anayetaka wimbo wake utetee haki za watu atafaidika akiichunguza kazi hiyo ilivyopangwa, hatua kwa hatua.

Historia ya Panzi inaanzia katika wilaya ya Uvira. Daktari Denis Mukwege alikuwa mganga mkuu wa hospitali ya Lemera, kwenye milima iliyo juu ya bonde la Ruzizi, vita ya 1996 ilipoanza. Tarehe 6 Oktoba mwaka huo hospitali ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani pamoja na wauguzi. Mwaka 1999 Mukwege alianza upya huko Panzi, akikusudia kuwahudumia akina mama wanaojifungua. Mgonjwa wa kwanza aliyefanyiwa upasuaji alikuwa mwanamke aliyebakwa. Waliomfuata walikuwa maelfu, na kazi hiyo ndiyo iliyompatia Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2018, pamoja na Nadia Murad wa Irak.

Upasuaji hufunga jeraha la mwili. Mwanamke akisharudi kijijini, anakutana na mume aliyemfukuza, mama mkwe asiyemtazama usoni, na minong'ono kisimani. Usingizi haumjii. Hapo ndipo muziki ulipoingia, kwa ushirikiano wa Panzi na shirika la Kanada la Make Music Matter, lililoanzishwa na Darcy Ataman. Mpango wao unaitwa Healing in Harmony, na umejengwa juu ya watu wawili wanaofanya kazi chumba kimoja: mtaalamu wa saikolojia na mtayarishaji wa muziki.

Mpangilio huo wa watu wawili ndio ufundi wenyewe. Mtaalamu wa saikolojia anaongoza mazungumzo ya kikundi: wanawake wanasema kilichowapata, au wanasema wanachoweza kwa siku hiyo, na wengine wanasikiliza. Kutokana na mazungumzo hayo maneno yanachaguliwa. Mtayarishaji hafiki na mdundo wa kuwalazimisha. Anasikiliza, anatafuta melodia inayobeba maneno yao, anawapigia, wanakubali au wanakataa. Wanafanya mazoezi. Kurekodi kunafuata baadaye, na mwisho kabisa wimbo unatoka nje, kwa tamasha mbele ya jamii, kwa redio, na kwa intaneti. Washiriki wanaitwa wasanii, si wagonjwa, na jina hilo lina uzito wake chumbani: msanii anaulizwa maoni yake juu ya kazi yake, anarudia kipande asichokipenda, anaamua.

Tazama jinsi mpangilio huo unavyohamisha mzigo. Mwandishi wa habari au mpelelezi anapomhoji mhanga, anahitaji jina, tarehe, mahali, na mara nyingi uso. Kila kitu kinamwangukia mtu mmoja. Wimbo ulioandikwa na kikundi unasema "sisi", na ndani ya "sisi" hakuna anayeweza kunyooshewa kidole. Mwanamke anaweza kutia mstari mmoja unaotoka moja kwa moja katika maisha yake, na mstari huo ukaimbwa na wenzake wote, na msikilizaji asijue ni wa nani. Kwa upande wa siri, hii ni kinga imara kuliko kubadilisha jina katika makala. Kwa upande wa sanaa, kiitikio kinapata nguvu ambayo mwimbaji mmoja hawezi kuifikia.

Kuna jambo la pili, na huenda ndilo kubwa zaidi. Kisa cha ubakaji kinaposimuliwa kortini au hospitalini, msimuliaji analazimika kurudi kwenye tukio kila mara. Wimbo unamruhusu alivuke tukio: beti zinaweza kuanza na usiku ule na kuishia na watoto wanaosoma, shamba lililopandwa, kichwa kilichoinuliwa. Wanaotunga wanaamua mwisho. Katika ushahidi, mwisho huandikwa na hakimu.

Je, mbinu hii inafanya kazi? Utafiti juu ya mpango huo uliofanywa vijijini Kivu Kusini ulichapishwa mwaka 2021. Watafiti walipima wasiwasi, sonona na dalili za kiwewe kwa wanawake walioshiriki kabla ya mpango na baada yake. Hali yao ilikuwa imeboreka, na nafuu hiyo ilikuwa bado ipo miezi sita baadaye. Ni matokeo ya eneo moja, lakini yamepimwa, tofauti na ya mradi wa "muziki kwa amani" usiojipima hata kidogo. Mradi kama huo unapiga jukwaa, unagawa fulana, unaondoka.

Wimbo, hata hivyo, haumpeleki mtu gerezani. Fizi inalijua hilo. Baada ya ubakaji wa halaiki wa siku ya mwaka mpya wa 2011 mjini Fizi, mahakama ya kijeshi ya kuhamahama ilikaa Baraka, wanawake wakatoa ushahidi, na tarehe 21 Februari Luteni Kanali Kibibi Mutware akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Pale ndipo "sisi" ya kiitikio isingetosha. Ilihitajika "mimi" yenye jina na tarehe. Studio na mahakama ni vyombo viwili tofauti, na anayechanganya kazi zao huishia na wimbo uliojaa majina ya kutuhumu usio na ushahidi, au ushahidi ulioharibika kwa kutangazwa mapema.

Upande wa pili wa mizani, mkabala na "sisi" ya Panzi, yuko Delphin Katembo Vinywasiki, aliyejulikana kama Delcat Idengo, kijana wa Kivu Kaskazini. Yeye aliimba kwa jina lake na uso wake, akiwashutumu wanasiasa, jeshi na walinda amani wa Umoja wa Mataifa kwa mauaji ya Beni. Mwaka 2021, wakati wa hali ya dharura iliyowapeleka raia mbele ya mahakama za kijeshi, alikamatwa. Mwaka 2024 alikamatwa tena, akafungwa Munzenze, Goma. Waasi wa M23 walipouteka mji Januari 2025 wafungwa walitoka, naye akiwemo. Tarehe 13 Februari aliuawa kwa risasi mjini Goma wakati akipiga video ya wimbo uliopinga utawala wa M23. Siku chache baadaye Bukavu nayo ikatekwa.

Ujasiri wa Idengo unastahili heshima isiyo na masharti. Kiufundi, hata hivyo, nyimbo zake hazikuwa na ngao yoyote: mtunzi, mwimbaji, mtangazaji na shabaha walikuwa mtu mmoja. Aliyetaka kuzinyamazisha alihitaji kumpata yeye tu.

Kinshasa ilitoa mfano wa ngao ya aina nyingine, wingi wa wasikilizaji, Novemba 2021. Kundi la muziki la MPR lilitoa wimbo "Nini tosali te", likilia juu ya hali ya nchi tangu uhuru. Tume ya taifa ya kudhibiti nyimbo na maonyesho ikaupiga marufuku. Kelele za wananchi zikawa kubwa, na muda si mrefu marufuku ikaondolewa. Wimbo ulikwisha kuenea kwenye simu kabla wino wa amri haujakauka.

Desemba 2025 M23 waliingia Uvira kwenyewe, na swali la nani aimbe, na kwa ngao gani, haliko mbali tena na wasanii wa mitaa ya Rugenge, Kalundu au Kavimvira. Kompyuta na vijana wanaojua kutengeneza mdundo wapo. Kitu cha kuiga kutoka Panzi ni kiti cha pili chumbani, cha mtu aliyesomea kusikiliza, na mtu huyo aanze kabla kipaza sauti hakijawashwa. Kisha ije lugha. Katika ufuko huu wimbo wa Kiswahili utasikika kila mahali, lakini mama wa Makobola anayelia kwa Kibembe, au wa Lemera anayelia kwa Kifuliiru, atunge kwanza kwa lugha anayolilia. Tafsiri ya kiitikio inaweza kufanywa baadaye, kikundi chote kikiwepo, na kila mmoja akiwa na haki ya kukataa neno lisilo lake.