Glasi ya Kitengela: Ugumu Uko Kwenye Kupoza

Wageni wengi wa Kitengela Glass husimama mbele ya tanuri, wakamtazama fundi akipuliza, wakapiga picha, kisha wakaelekea dukani. Rafiki yangu wa Bisil, niliyekwenda naye, pia hakubandua macho kwenye lile bomba la kupulizia. Kwangu mimi, ufundi mgumu zaidi uko kabla na baada ya pumzi ile.

Karakana yenyewe haiko mjini Kitengela. Iko upande wa Tuala, ukingoni mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, alikoanza kazi msanii Nani Croze, mzaliwa wa Ujerumani, zaidi ya miaka 40 iliyopita. Mwanawe, Anselm Croze, ndiye mpulizaji.

Wanayeyusha vioo vya madirisha vilivyovunjika, na hapo hawaokoi taka tu. Mchanga mtupu huyeyuka karibu nyuzi 1,700 za Selsiasi. Ukitiwa magadi, joto linalohitajika hushuka sana. Chokaa nayo huizuia glasi isiliwe na maji. Kioo cha dirisha kina vyote hivyo tayari, hivyo hutumia moto mdogo kuliko kuanzia mchangani. Rafiki yangu aliuliza kwa nini basi wasichukue magadi ya Ziwa Magadi, lililo katika kaunti moja na karakana na ambalo kwa miongo mingi limelisha viwanda vya glasi vya ng'ambo. Jibu ni kwamba magadi yamo tayari ndani ya kioo kile.

Ila vioo havichanganywi ovyo. Glasi ya chupa na ya dirisha huenda zisitanuke na kusinyaa sawasawa. Zikiungana katika chombo kimoja, kinaweza kupasuka.

Kisha kupoza. Chombo kikiachwa mezani, ngozi ya nje hupoa na kuganda huku ndani kungali moto. Ndani kunaposinyaa baadaye, mvutano hufungiwa humo, na chombo kinaweza kupasuka chenyewe siku nyingine bila kuguswa. Kwa hiyo huingizwa kwenye tanuri la kupozea, karibu nyuzi 500, joto likashushwa polepole kwa saa nyingi. Unene ukiongezeka mara mbili, muda huongezeka kama mara nne. Ndiyo maana navistahi zaidi vile vipande vinene vinavyopangwa ndani ya saruji kuwa madirisha na kuta: uvumilivu wake hauonekani.

Shanga, ambazo karakana pia hutengeneza, ni habari nyingine. Zile ndogo ambazo akina mama wa Kimaasai hushonea hutoka zaidi Ucheki, ambako glasi huvutwa kuwa mrija mwembamba kisha ikakatwakatwa kwa mashine. Shanga ya mkono huzungushwa moja moja kwenye kijiti cha chuma. Haiwezi kushindana na ile ya Ucheki kwa bei wala kwa kulingana, na naona heri isijaribu. Iuzwe kwa ukubwa wake na rangi zake zisizofanana.