Utani Juu ya Sinema Mbovu

Mtu atakaye kujua ni kitu gani hasa watu wanakipenda katika kazi ya sanaa asiwaulize baada ya kazi hiyo kuonyeshwa, bali awasikilize wakati wanapoingoja. Kazi ikisha kuonyeshwa, sifa na lawama huifuata yenyewe, na kila msemaji huvutwa na yale aliyoyaona. Lakini kabla haijaonekana hapana cha kusifu wala cha kulaumu. Kila mtu husema yaliyomo moyoni mwake tu. Kwa hiyo makisio ya mashabiki, ambayo wataalamu aghalabu huyadharau kuwa ni maneno ya watu wasio na kazi, ni aina ya uhakiki, tena uhakiki wa kweli, maana yasema wazi upungufu ambao watu wanauona na tamaa waliyo nayo.

Mfano mwema wa jambo hili ulitokea Marekani mwishoni mwa mwaka 2007. Wachekeshaji watano, Joel Hodgson, Trace Beaulieu, J. Elvis Weinstein, Mary Jo Pehl na Frank Conniff, walitangaza kwamba wamejiunga kufanya kazi mpya ya kutania sinema, na kikundi chao wakakipa jina la Cinematic Titanic. Baina ya tangazo hilo na kazi yenyewe hazikupita wiki nyingi. Hata hivyo wiki hizo zilijaa makisio. Ili maana ya makisio hayo ifahamike, sharti kwanza ijulikane kazi ya zamani ya watu hao.

Tarehe 24 Novemba 1988, kituo kidogo cha televisheni cha KTMA, katika mji wa Minneapolis, kilianza kuonyesha mchezo ulioitwa Mystery Science Theater 3000. Hadithi yake ilikuwa nyepesi. Mtu mmoja amefungiwa angani ndani ya chombo, na wakubwa wake wabaya wanamlazimisha kutazama sinema mbovu. Ili asishindwe na upweke, amejitengenezea marafiki wa mashine. Mtazamaji wa nyumbani huiona ile sinema mbovu tangu mwanzo hata mwisho, na chini ya pazia huona vivuli vya vichwa vitatu vilivyoketi vitini, cha mtu mmoja na vya roboti wawili, Crow na Tom Servo, wakisema maneno ya mzaha juu ya kila linalopita. Mwaka 1989 mchezo ulihamia katika televisheni ya nchi nzima, ukapata tuzo ya Peabody kwa mwaka 1993, ukaendelea mpaka mwaka 1999, na katika muda huo wa nchi nzima zilitaniwa sinema zaidi ya 170. Hodgson mwenyewe aliondoka mwaka 1993, na mahali pake pakashikwa na Michael J. Nelson. Tangu siku hiyo mashabiki wakagawanyika mafungu mawili, kila fungu likishikilia kwamba mtu wake ndiye bora.

Ndiyo maana tangazo la mwaka 2007 liliwasha maneno mengi. Watu waliuliza mambo matatu zaidi ya mengine. La kwanza, je, roboti watarudi? La pili, sinema zitakazotaniwa zitakuwa za namna gani: zile za kale za bei rahisi, au mpya za fedha nyingi? La tatu, kikundi hiki kitasimamaje mbele ya kikundi cha Nelson, ambaye tangu mwaka 2006 alikuwa amekwisha kuanza kazi yake iitwayo RiffTrax, pamoja na Kevin Murphy na Bill Corbett?

Swali la pili lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana. Nelson na wenzake hawakuuza sinema pamoja na utani. Waliuza sauti peke yake, na mnunuzi aliicheza sauti hiyo wakati mmoja na sinema aliyoipata mwenyewe. Kwa njia hiyo hawakuhitaji ruhusa ya wenye sinema, nao waliweza kuzitania kazi za makampuni makubwa yenye nguvu na mali. Lakini anayetaka kuuza sinema na utani kwa pamoja hana budi kununua haki, na haki anazozimudu ni za kazi ndogo zilizokwisha kusahauliwa. Basi hesabu ya fedha ndiyo iliyokata shauri ni nani atakayechekwa, tajiri au maskini. Shabiki aliyeuliza juu ya aina ya sinema aliuliza, pengine pasipo kujua, swali la haki. Kumcheka mwenye nguvu ni ushujaa kidogo. Kumcheka mnyonge ni kitu gani?

Hapa Kiswahili kina msaada wa kutoa, maana kina maneno mawili ambayo hayafai kuchanganywa. Liko neno dhihaka, na liko neno utani. Mwenye kudhihaki husimama mbali. Humcheka mtu kwa kuwa hana uhusiano naye, na akisha kucheka huenda zake. Mtani sivyo. Mtani ana ruhusa ya kusema maneno makali ambayo mtu mwingine akiyasema huwa ugomvi, na ruhusa hiyo huifuata hata msibani, ambako humwigiza marehemu na kuwachekesha wafiwa. Lakini ruhusa yake ina bei. Mtani huyo huyo anayemcheka marehemu ndiye anayetazamiwa kushika kazi za mazishi. Amekuja, amekaa, naye haondoki mpaka mambo yamekwisha. Kicheko chake kina haki kwa kuwa kina wajibu ndani yake.

Kwa kipimo hiki mchezo wa akina Hodgson waweza kuhukumiwa vyema. Katika siku za KTMA maneno mengi yalisemwa papo hapo, na mara nyingi yalikuwa machache na dhaifu. Baadaye maneno yaliandikwa. Waandishi waliketi pamoja wakaitazama sinema moja mara nyingi, wakiisimamisha na kuirudia, mpaka kila neno likapata nafasi yake baina ya maneno ya wachezaji wa sinema yenyewe. Watu hao walizitazama kazi zile mbovu kwa makini ambayo labda hazijapata kutazamwa na mtu mwingine yeyote tangu zilipotengenezwa. Hiyo ndiyo sehemu ya wajibu. Anayetaka kutania mkono unaotikisika, au mlango unaofunguka kabla haujaguswa, sharti kwanza auone mkono na mlango.

Ushahidi mkubwa ni habari ya sinema iitwayo Manos: The Hands of Fate. Iliongozwa na Harold P. Warren, mtu wa El Paso katika Texas, aliyekuwa akiuza mbolea. Aliitengeneza kwa sababu ya ubishi wake na mwandishi Stirling Silliphant, kwamba hata mtu asiye na ujuzi aweza kutengeneza sinema. Fedha zake zilikuwa kiasi cha dola 19,000. Kamera yake ilizungushwa kwa mkono na haikuweza kupiga zaidi ya nusu dakika hivi kwa mara moja, na sauti zote ziliingizwa baadaye na watu wachache tu waliosema kwa niaba ya wachezaji wote. Ilionyeshwa mwaka 1966, ikachekwa, ikasahauliwa. Warren alifariki mwaka 1985. Mwaka 1993 akina Hodgson waliitania, nayo ikapata jina kubwa kuliko sinema nyingi njema za wakati wake. Mwaka 2011 ikapatikana nakala yake iliyo bora, na watu wakatoa fedha zao ili isafishwe na kuhifadhiwa. Watu waliokwisha kuicheka ndio walioiokoa. Hapo pana utani kamili: mcheshi aliyechekesha msibani na jembe la kuchimbia vyote vimo katika mkono mmoja.

Lakini mhakiki mwaminifu hawezi kuishia hapo kwa furaha, maana utani una sharti jingine. Mtani hutaniwa naye. Leo mimi nakucheka, kesho wewe wanicheka, ndivyo wasemavyo watani wenyewe. Mtengenezaji wa sinema ya kale hana kesho hiyo. Kazi ya kwanza ya Cinematic Titanic, iliyotoka Desemba 2007, ilikuwa juu ya sinema Brain of Blood ya mwaka 1971, nao wakaipa jina jipya la The Oozing Skull. Habari yake ni ya mtawala wa nchi ya kubuni iitwayo Kalid, ambaye ubongo wake unahamishiwa katika mwili mwingine. Aliyeiongoza, Al Adamson, alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1995. Hata jina la kazi yake lilibadilishwa, wala hakuwapo kukubali au kukataa. Basi mzaha juu ya mtu wa namna hii wasimama juu ya ncha kali. Hatua moja tu, nao umeangukia upande wa dhihaka.

Dalili za kuanguka huko si ngumu kuziona. Mzaha uwezao kuondolewa katika sinema moja na kubandikwa katika nyingine bila kupungua utamu haukuzaliwa na kutazama, umeletwa mfukoni. Mzaha juu ya unene wa mchezaji au sura aliyopewa na Mungu si uhakiki wa kazi yake, maana sura si kazi. Michezo ya akina Hodgson, ya zamani na ya baadaye, haikuepukana kabisa na makosa hayo. Lakini ilipokuwa bora, mzaha wake uligusa uamuzi wa mtengenezaji: kwa nini kamera imekaa hapa, kwa nini mtu huyu ametembea muda mrefu hivi bila kufika. Mwanafunzi awezaye kuuliza maswali hayo amekwisha kuanza uhakiki, ingawa anacheka.

Na yale makisio yaliishaje? Roboti hawakurudi. Mahali pao palikuwa na vivuli vya watu watano, wamegawanyika pande mbili za pazia, na mara kwa mara mmoja wao aliomba sinema isimamishwe ili wafanye mchezo mfupi. Mashabiki waliotaka roboti walisikitika. Lakini walichokitaka hasa hakikuwa mashine zile za vipande vya plastiki. Katika hadithi ya kwanza roboti walitengenezwa kwa sababu moja tu, upweke, na mtazamaji aliyekuwa peke yake nyumbani usiku alipewa dawa ile ile: watu wa kuketi nao kitini. Swali la roboti lilikuwa, kwa maneno mengine, swali la kama wenzake watarudi. Ugomvi wa Hodgson na Nelson ulikuwa na asili hiyo hiyo. Watu hawakubishana juu ya mzaha upi ni mkali zaidi. Walibishana juu ya rafiki yupi aketi kando yao.

Tangu mwaka 2008 kikundi kiliichukua kazi yake jukwaani, mbele ya watu waliojaa ukumbini, na baadaye kazi zake zikawa zarekodiwa huko huko, mpaka kikundi kilipomaliza safari zake mwaka 2013. Katika ukumbi wachekeshaji hawakuwa vivuli tena. Walisimama wakionekana, na kicheko cha mtazamaji kilisikiwa nao.

Msomaji wa Afrika Mashariki hataliona jambo hili kuwa geni. Katika vibanda vya video vya Uganda, Kenya na Tanzania imekuzwa sanaa iliyo jirani yake, nayo haikuiga ya Minneapolis. Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, huko Tanzania, na DJ Afro huko Kenya, walizisemea sinema za kigeni kwa lugha ya watazamaji wao, wakitafsiri, wakieleza, wakiwapa wachezaji majina mapya na kutia mzaha. Tofauti ni hii: msemaji wa Minneapolis huisemea sinema ambayo watazamaji wake tayari wanaifahamu lugha yake, ili wacheke udhaifu wake, msemaji wa kibandani huisemea sinema ambayo lugha yake imefungwa, ili aifungue. Lakini wote wawili hukaa baina ya picha na watu, na wote wawili hupendwa kwa sauti yao kabla ya kupendwa kwa maneno yao. Mtu huenda kibandani kumsikia fulani, wala haulizi sana ni sinema gani.

Mwaka 2015 Hodgson aliomba fedha kwa umma ili mchezo wa kwanza ufufuliwe. Watu zaidi ya 48,000 walitoa, na fedha zilizopatikana zilizidi dola milioni 5.7, mwaka 2017 mchezo ukaonekana tena, na roboti wakiwamo. Walionunua hawakuwa wameona hata picha moja ya kazi hiyo mpya. Walilipia kungoja kwao, kama walivyongoja mwaka 2007. Nao waliochaguliwa kukaa kitini kando yao wana deni, si kwa watazamaji hao tu, bali na kwa Warren na Adamson na wengineo ambao kazi zao dhaifu ndizo chakula cha mchezo huo. Deni la watazamaji hulipwa kwa kuwachekesha; deni la marehemu hulipwa kwa kuitazama kazi yao mpaka mwisho kabla ya kuicheka.