Sauti Mbili za Wadudu: Je, Ni Ngonjera?

Mtahiniwa akipewa shairi lililogawika pande mbili, aghalabu hukimbilia moja kati ya majibu mawili. Akiona safu mbili atasema ni mathnawi. Akisikia wahusika wawili atasema ni ngonjera. Katika makala haya ningependa tuyapime majibu hayo kwa kitabu cha watoto ambacho hakimo miongoni mwa vitabu vyetu teule, lakini kinatufaa sana. Kinaitwa Joyful Noise: Poems for Two Voices, cha Mmarekani Paul Fleischman. Kilitolewa mwaka 1988 kikiwa na michoro ya Eric Beddows, na mwaka 1989 kikatunukiwa Nishani ya Newbery, tuzo kubwa ya fasihi ya watoto nchini Marekani.

Kitabu kina mashairi 14, yote kuhusu wadudu. Wamo panzi, vimulimuli, nyuki, na nyenje wa nyumbani wanaotambua majira kwa makombo yanayoanguka sakafuni. Lipo pia shairi la kuwaomboleza wadudu waliouawa na baridi kali, ambalo mwanafunzi wa fasihi simulizi atalitambua upesi kuwa lina sifa za mbolezi.

Upekee wake umo katika umbo. Msomaji mmoja hushika safu ya kushoto, mwenzake ya kulia, nao huteremka pamoja. Palipo na maneno upande mmoja, wa pili hunyamaza. Palipo na maneno pande zote kwenye mstari mmoja, wote husoma kwa wakati mmoja, hata kama maneno yenyewe hayafanani. Basi hii si mathnawi. Safu ya kushoto si ukwapi unaosubiri utao ili mshororo ukamilike. Ni sauti nzima yenye uhai wake.

Je, ni ngonjera? Hebu tuchukue shairi la nyuki. Nafsineni ni mbili, malkia na nyuki mtumishi, na zote zinasimulia maisha ya nyuki. Kwa mmoja maisha hayo ni raha, kwa mwingine ni karaha. Mtumishi anaamka mapema kulinda mlango wa mzinga, anatoa taka, anatengeneza nta. Malkia analishwa, anaoshwa, kisha anataga mayai. (Ukweli wa kibayolojia unaitia makali kejeli hii: mtumishi wa majira ya joto huishi takriban wiki sita, malkia huweza kuishi miaka kadhaa.)

Katika ngonjera tulizozoea, hasa za Mathias Mnyampala zilizoenea Tanzania baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wahusika hupokezana beti. Mmoja hudai, mwenzake humjibu, na aghalabu aliyepotoka huishia kukubali. Nyuki hawa hawajibizani. Hata kusikilizana hawasikilizani! Kila mmoja anaendelea na lake, na pale sauti zao zinapokutana katika maneno yale yale, maana zinapingana. Hapana anayeshinda. Mtahiniwa ataandika kwamba dhamira ni utabaka, nami nitampa alama, lakini za juu ni za yule atakayeonyesha kuwa utabaka huo unasikika katika umbo lenyewe: watu wawili wanaokaa mzinga mmoja wakizungumza kwa pamoja bila kuzungumza wao kwa wao. Ukiulizwa bahari, sema ni shairi huru lenye nafsineni mbili, kisha utoe ithibati.

Michoro ya Beddows ni ya rangi nyeusi na nyeupe tu. Naona alifanya vyema. Kipepeo akishapakwa rangi zote, mshairi hubakiwa na nini? Hapa mchoro unampa mtoto miguu, mbawa na vipapasio, kisha unaliachia sikio kazi iliyobaki.

Kasoro ipo. Ukiyasoma mashairi haya peke yako, kimyakimya, nusu yake inapotea, maana jicho haliwezi kufuata safu mbili kwa wakati mmoja. Nao watahiniwa wetu wamezoea kusoma hivyo hasa. Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, waambie wanafunzi watunge safu mbili fupi: mchwa malkia na mchwa mfanyakazi, au siafu na panzi aliyekamatwa. Wawili wasimame wasome kwa pamoja. Kisha uliulize darasa ni mstari upi halikuusikia, na ulikuwa wa nani.