Kuiga, Kuigiza na Ubandia: Istilahi za Majaribio ya Programu za Simu

Istilahi isiyopambanua mambo mawili ni mzigo kwa mwanafunzi. Ndivyo ilivyo kwa neno kiigaji linapobebeshwa, katika mafunzo ya kutengeneza programu za simu, vyombo viwili visivyolingana.

Chombo cha kwanza ni cha Android. Hiki huiga simu yenyewe: kina mfumo wake kamili wa uendeshaji, na hata mtandao wake wa ndani. Cha pili ni cha Apple, kilichomo katika Xcode. Hiki hakiigi maunzi ya simu. Programu hutafsiriwa kwa lugha ya kichakataji cha kompyuta ya Mac yenyewe, na kinachoonyeshwa ni sura na mwenendo wa simu tu.

Tofauti hii si ya wanazuoni peke yao. Mwanafunzi aliyeweka seva ya majaribio katika kompyuta yake, akaielekeza programu kwenye anwani 127.0.0.1, ataipata seva hiyo katika chombo cha Apple. Katika chombo cha Android hataipata, kwa kuwa huko anwani hiyo ni ya simu iliyoigwa. Itampasa kutumia 10.0.2.2. Aliyefundishwa kwamba vyote ni kiigaji atatafuta kosa mahali lisipokuwapo.

Lugha yetu haina upungufu hapa. Kuiga ni kufuata kitu kilivyo. Kuigiza ni kuonyesha mfano wake mbele ya watazamaji. Hivyo basi, na tuseme kiigaji kwa chombo cha Android, na kiigizi kwa kile cha Apple.

Imebaki ile seva itoayo majibu yaliyotayarishwa kabla. Afuataye kamusi tu aweza kuiita seva ya dhihaka, na huko ni kupotosha, kwani haimdhihaki mtu. Seva kaimu nayo haifai: kaimu hushika madaraka na uamuzi wake ni halali, bali jibu la seva hii halithibitishi kwamba seva ya kweli itajibu vivyo hivyo. Tunapendekeza seva bandia. Watakaoipinga kwa sababu ya noti bandia wakumbuke pia mguu wa bandia: humsaidia mtu kwenda, naye ajua kuwa si mguu wake wa kuzaliwa. Ujuzi huo ndio umpasao mtengenezaji wa programu kabla hajaikabidhi kazi yake kwa umma.